Lango Lililotazama Barabara

Ukimwona mtu mzima mjini Migori, mwenye kazi yake na kitambi chake, anaficha mikono nyuma ghafla kwa sababu mzee fulani mwenye koti amepita, usimcheke. Huyo alisoma shule yetu. Mwalimu mkuu wetu alikagua kucha kila asubuhi: za watoto, za walimu, za wazazi waliokuja kuomba ruhusa, na siku moja, nikiwa nimesimama pale pale, za padri aliyekuja kubariki darasa jipya. Padri alinyoosha mikono bila kujua kwa nini. Ndivyo tulivyokuwa wote mbele ya mtu yule. Tulinyoosha kwanza, tukajiuliza baadaye.

Jina lake sitalitaja, na hata nikilitaja halitakusaidia, maana hakuna aliyelitumia. Watoto walimwita Mwalimu. Wazazi Wajaluo walimwita Japuonj, ambalo ni neno lile lile kwa lugha yetu. Mke wake naye alimwita Mwalimu, hata jikoni, hata akimkemea, na sisi tukamwita yeye Mama Mwalimu.

Koti lake lilikuwa la rangi ya kahawia, zito, la kufaa nchi zenye baridi. Alilivaa jua la Januari na mvua ya Aprili. Mfuko wa kushoto ulikuwa wa chaki na wa kulia ulikuwa wa kitambaa cha kufutia chaki, kwa hiyo pande zote mbili zilikuwa nyeupe, na akijipangusa kwa kitambaa anazidi kuwa mweupe. Alikuwa pia na baiskeli nzuri ambayo sikumwona akiipanda hata siku moja. Kwenye mlima aliisukuma kwa sababu ni mlima. Kwenye mteremko aliishika kwa sababu ni mteremko. Mahali pa tambarare, alisema, hakuna haja ya haraka. Mtu huyo huyo alitufundisha darasani kwamba baiskeli ndiyo iliyoleta maendeleo katika wilaya yetu.

Misemo alikuwa nayo mingi, na mingine sidhani kama mwenyewe aliielewa. "Usafi ni nusu ya elimu," alisema, "na nusu ya pili ni usafi tena." Mtoto akichelewa: "Jua limekushinda, na jua halina miguu." Mwalimu akiomba likizo kwa sababu ya kichwa: "Kichwa kinauma kwa sababu kina kitu ndani. Shukuru." Mimi nilikuwa mwalimu chini yake, kijana asiye na cheti, na nilishukuru mara nyingi sana.

Lakini msemo alioupenda kuliko yote ulihusu desturi, maana alijihesabu kuwa adui wa desturi kwa kazi na kwa kiapo. "Desturi," alisema akiinua kidole cheupe, "ni koti la marehemu. Mwenyewe hayupo, na wewe halikutoshi." Bundi akilia juu ya paa alitoka nje kumrushia jiwe, kisha akaeleza kwamba anachopinga ni kelele, si uchawi. Hakuruhusu ofisi yake ifagiliwe baada ya jua kutua, kwa sababu ya vumbi. Ni vumbi gani hilo linaloamka usiku tu, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Na alikuwa na shamba Uriri, alilopata tangu ujana, ambalo hakulijengea hata kibanda cha kuku. Kwetu mwanamume hana dala, yaani boma lake mwenyewe, mpaka aende kulifungua kwa utaratibu wake. Anatangulia na jogoo. Mwanawe wa kwanza anabeba shoka. Mke wa kwanza anabeba moto. Kibanda kinajengwa siku hiyo hiyo, lango linatobolewa, na usiku huo wanalala pale pale wote. Asiyefanya hivyo, hata mvi zikimfika kwenye kope, ni mpangaji tu hapa duniani, na siku akifa wenzake wanakosa pa kumzika kwa heshima. Mwalimu aliishi katika nyumba ya shule. Ukimwuliza habari za Uriri alijibu kwamba anangoja simenti ishuke bei. Simenti ilishuka, ikapanda, ikashuka tena. Yeye alingoja.

Sasa niseme habari ya ndui, maana bila ndui mtu huyu ungemjua nusu tu.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Ugonjwa ulianzia mbali kama kawaida ya magonjwa, kisha tukasikia uko Kegonga, kisha uko ng'ambo ya mto, kisha ukawa kwetu. Amri ikatoka shule zote za tarafa zifungwe. Soko la ng'ombe la Ogwedhi halikufungwa. Watu walibanana huko bega kwa bega wakivuta mikia ya ng'ombe, jasho likichanganyika, lakini watoto wetu hawakuruhusiwa kukaa darasani kusoma majina ya mito. Tulimzika mtoto mmoja wa shule yetu, msichana wa darasa la pili, ambaye nyumba yao ilikuwa mwisho wa njia iliyotokea kwenye lango letu. Alikuwa na sauti nzuri ya kuimba. Sitasema zaidi juu yake, ila kwamba alianza kuugua akiwa shuleni, kabla haijafungwa, na alitolewa langoni akiwa amebebwa, na kila mtu aliliona jambo hilo.

Miezi yote shule ilipofungwa, Mwalimu aliendelea kupiga kengele. Kengele yetu ilikuwa ringi ya lori iliyotundikwa kwenye mti. Alipiga ya asubuhi, ya mapumziko, ya mchana na ya kwenda nyumbani, kwa saa zake kamili, na hapakuwa na mtoto hata mmoja. Alisimama mbele ya uwanja mtupu na koti lake, akatazama kushoto na kulia, akasema, "Keti," halafu akaenda ofisini. Wapita njia walisema ndui imemwingia kichwani. Mama Mwalimu alisema mwacheni, asipopiga hiyo kengele atanipigia mimi sufuria.

Hatimaye waraka ukaja. Shule itafunguliwa kwa masharti. Kuta zipakwe chokaa. Vyoo vichimbwe upya. Kila mtoto awe na alama ya chanjo mkononi. Kuwe na mahali pamoja tu pa kuingilia, na hapo pawe na kibanda cha maji na sabuni. Bwana Supavaiza wa elimu atakuja Jumatatu fulani kukagua, na akikuta zaidi ya nusu ya watoto wamo ndani ya ua, shule imefunguliwa na darasa la saba litafanya mtihani wake mwisho wa mwaka. Akikuta pungufu, itafungwa mpaka mwaka unaofuata.

Kwa mvulana, mwaka mmoja ni mwaka mmoja. Kwa msichana wa darasa la saba, siku zile, mwaka mmoja wa kukaa nyumbani ulikuwa na harusi ndani yake. Na katika darasa la saba tulikuwa na msichana mmoja aliyewapita wote hesabu kwa mbali, yatima, aliyelelewa na bibi yake. Bibi huyo tulimwita Dani, yaani nyanya, kwa sababu kila mtu alimwita hivyo. Tayari kulikuwa na mzee mmoja wa Rongo aliyeanza kupita nyumbani kwa Dani kuuliza habari za mvua.

Mwalimu alipousoma waraka ule aliusoma kama mtu anayesoma barua ya uchumba. Maisha yake yote alikuwa akingoja serikali iamrishe usafi. Alipaka kuta chokaa. Chokaa ilipobaki alipaka mashina ya miti. Ilipobaki tena alipaka mawe ya kandokando ya njia, akapaka na mti wa kengele, na mbuzi wa jirani aliyejiegemeza ukutani alirudi kwao nusu mweupe. Vyoo vilichimbwa vinne, kila kimoja na kibao chake: Wavulana, Wasichana, Walimu, na cha nne, chenye mlango wa bati jipya, Mgeni wa Serikali. Hicho cha mwisho kilifungwa kwa kufuli na ufunguo ukatiwa katika mfuko wa chaki.

Kisha likaja suala la pa kuingilia. Ua wetu wa mkonge ulikuwa na matundu kila upande, kila ukoo wa watoto na tundu lake. Matundu yale aliyaziba yote. Lango lenyewe lilitazama njia ya mashambani, ile njia aliyopitishwa yule mtoto, na Mwalimu akaamua nalo lizibwe.

"Lilitumika na ugonjwa," aliniambia. "Kisayansi, lizibwe. Tutatoboa lingine huku."

"Huku" kulikuwa upande wa barabara kubwa. Sayansi ilikuwepo, sikatai. Lakini ilikuwepo pia Land Rover ya Bwana Supavaiza, ambayo ingetokea barabarani, na kutoka barabarani mtu angeona mawe yote meupe kwa mpigo mmoja. Tukalitoboa.

Halafu tukafanya mazoezi. Watoto hawakuruhusiwa bado, kwa hiyo watoto nilikuwa mimi. Nilipita kwenye lango jipya nikiwa mtoto wa darasa la kwanza, nikanawa, nikaonyesha alama ya chanjo, nikaonyesha kucha, nikaenda kusimama uwanjani. Nikarudi nje, nikaingia tena nikiwa wa darasa la pili. Nilipofika darasa la tano nilikuwa nimechoka na niliingia bila kunyoosha mikono. Alinirudisha nje kwa kelele, mimi mtu mzima mwenye ndevu, na wanawake waliokuwa wakienda kisimani wakasimama kuniangalia nikinawa.

Jumamosi kabla ya ile Jumatatu aliita mkutano wa wazazi. Mikutano yetu ilikuwa kwa Kiswahili, kwa sababu tulikuwa na Wajaluo na Wakuria waliohamia kutoka Ntimaru, na Kiswahili kila mmoja alikileta jinsi alivyokipata. Wazazi walifika wengi. Chanjo walikwisha kuipokea bila ubishi, maana waliokwisha kuona ndui hawahitaji hotuba. Mwalimu alihutubu hata hivyo. Alimaliza, akauliza kama kuna swali, kwa sauti ya mtu asiyetaka swali.

Dani akasimama. Alikuwa mfupi na alitembea na fimbo aliyoitumia zaidi kunyooshea watu.

"Japuonj, sisi hapana kataa shule," alisema. "Shule ni mzuri. Sisi tunakataa lango. Ile ya zamani umeziba. Mtoto wetu alitoka hapo akienda, na wewe umeziba. Sasa umetoboa ingine huku kwa barabara. Mimi nauliza tu: nani amelala hapo?"

"Nani alale langoni, Dani?" Mwalimu akauliza. "Hili ni lango la shule. Shule hailali."

"Ehee! Mmesikia? Yeye mwenyewe anasema. Hakuna mtu amelala." Akawageukia wenzake. "Kufunga lango baada ya kifo na kufungua ingine, hiyo ni dala mpya. Haijafunguliwa, haina moto, haina mwenyewe. Na unataka mjukuu yangu apite hapo wa kwanza? Yaye! Mimi nimezika mama yake. Huyu sitoi."

Wazazi wakanong'ona, na mnong'ono wenyewe ulikuwa wa kukubali. Nawaambia ukweli, desturi yetu haijawahi kusema neno lolote kuhusu malango ya shule. Wazee wa zamani hawakuijua shule. Lakini kila mmoja pale alihisi kwamba kama wangeijua, wangesema hivyo hivyo.

Mwalimu akamgeukia baba mmoja Mkuria, akitafuta msaada. "Wewe, Baba, kwenu hakuna mambo haya ya lango. Waambie."

Yule baba akasimama, akavua kofia. "Kweli, mimi Mkuria. Hiyo maneno ya lango ya Wajaluo mimi sijui kabisa." Akafikiri. "Lakini kama mwenye nyumba naogopa kuingia kwake, mimi mgeni nitaingia namna gani?" Akaketi.

Ndipo Mwalimu akainua kidole cheupe. Nilijua kinachokuja. "Wazazi," alisema, "desturi ni koti la marehemu. Mwenyewe hayupo, na wewe..."

"Na hiyo wewe umevaa," Dani akauliza, "ilikuwa ya nani?"

Kicheko kilichotoka pale nadhani kilisikika Ogwedhi. Kila mtu alijua kwamba lile koti Mwalimu alilirithi kwa mwalimu aliyemfundisha, mzee aliyekwisha kufa zamani, na kwamba mikono yake ilikuwa mirefu kupita kiasi mpaka Mama Mwalimu akaikunja. Mwalimu alijitazama. Alitazama kifua, akatazama mikono iliyokunjwa, akashusha kidole.

Ningependa kusema alishawishika. Hakushawishika. Alipiga hesabu. Jumatatu ilikuwa karibu, mawe yalikuwa meupe, na yule msichana wa hesabu alikuwa nyumbani akichambua mtama. "Haya," alisema. "Mnataka nini?"

Dani hakungoja kuulizwa mara ya pili. "Kitu rahisi tu. Mwenye dala atangulie na jogoo. Mama abebe moto. Kibanda ijengwe siku hiyo hiyo, walale. Na mtoto yake wa kwanza abebe..."

Akajiziba mdomo kwa kiganja.

Hapo nieleze, kwa kuwa pale hakuna aliyeeleza. Mwalimu na Mama Mwalimu walipata mtoto mmoja, wa kiume, na surua ilimchukua kabla hajajua kutembea. Baada yake hakuja mwingine. Sote tulijua, na sote tulikuwa tumekubaliana bila kukubaliana kwamba jambo hilo halisemwi. Ndiyo maana hatukumuuliza sana habari za simenti. Mkutano mzima ulitazama chini. Mama Mwalimu alikuwa ameketi na wanawake, akaanza kukunja ncha ya leso yake, akaikunjua, akaikunja tena. Niliumia moyo kumwona.

Mwalimu akatoa kitambaa, akajifuta mikono taratibu, kidole kwa kidole.

"Mtoto wangu wa kwanza yupo," alisema. Akanitazama mimi. "Mwalimu, kachukue shoka."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Siku ya kwanza kabisa ya shule ile, wakati ilikuwa paa la nyasi bila ua wowote, mtoto wa kwanza kuingia nilikuwa mimi. Sikuja kusoma. Nilikuwa nikimfuata mbuzi wetu aliyekimbilia ndani. Mwalimu alimtoa mbuzi, akanikalisha mimi, akanikagua kucha, na jioni baba alipokuja kutafuta mali yake alikuta mbuzi nje na mwanawe ndani.

Baba yangu alikuwepo mkutanoni. Akasimama, mtu mrefu wa maneno machache.

"Mwalimu, samahani. Huyo ni wangu. Mimi niko hai, mama yake yuko hai. Shoka yake ni ya kwangu."

"Najua, Mzee," Mwalimu akasema. "Naomba."

Hilo neno hatukuwahi kulisikia mdomoni mwake. Alikuwa mtu wa kuamuru, na hata Mungu, kanisani, alimsalimu kama mwenzake wa cheo kikubwa kidogo. Baba alimtazama kwa muda. Akamtazama Mama Mwalimu na ile leso.

"Basi, nakuazima," baba akasema. "Sikupi. Nakuazima tu."

Dani akagonga fimbo chini, na hilo likawa limepita.

Jumapili, baada ya kanisa, tukalifungua. Ugomvi ulikuwa mmoja tu, kuhusu kibanda. Wazee walitaka kibanda cha siku moja. Waraka ulitaka kibanda cha kunawia mikono. Mwalimu aliketi juu ya jiwe jeupe akatafakari, kisha akatangaza kwamba ni kibanda kimoja hicho hicho, na sijawahi kumwona na furaha kama ile, maana alikuwa ametii pande mbili kwa miti ile ile. Alishika jogoo mwenyewe. Kwa mazoea alimwangalia kucha, akatikisa kichwa. Mama Mwalimu alifuata na kaa la moto katika kigae, amenyooka, uso haufichi kitu. Mimi nilibeba shoka la baba yangu nikaupiga mti wa lango kama nilivyoelekezwa. Wao walilala katika kibanda, kati ya beseni mbili na sabuni ya mche. Mimi nililala nje, nikiwa mali ya mbu.

Jumatatu Land Rover ikaja mapema kuliko ilivyosemwa, kama kawaida yake ikiwa haitakiwi. Watoto walikuwa wamejaa barabarani pamoja na wazazi wao, hakuna hata mmoja aliyeingia. Walikuwa wanamngoja Dani, na Dani alikuwa bado njiani.

Bwana Supavaiza alishuka na miwani ya jua na suruali iliyopigwa pasi hadi ikakata upepo. Aliyaona mawe meupe, akatabasamu. Akakaribia lango. Hapo akaona majivu. Akaona jogoo amefungwa mguu. Akaona mimi na shoka. Tabasamu likaondoka, miguu ikasimama yenyewe kabla ya mstari wa lango, na mkono ukapanda polepole kuvua kofia. Alikuwa mwana wa kwetu, wa pande za Homa Bay, na vyeti vyake havikuwa vimemtoa desturi za kwao.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "mmelala?"

"Tumelala, Bwana."

"Wote?"

"Wote. Mke wangu, mimi," Mwalimu akanitazama, "na kijana."

"Haya." Akarudi nyuma hatua moja hata hivyo. "Nitangoja wenyewe waanze."

Ndipo Dani alipofika, amemshika mjukuu wake mkono. Aliyagusa majivu kwa ncha ya fimbo. Akamtazama Mama Mwalimu usoni, na Mama Mwalimu akaitikia kwa kichwa. "Pita, nyathina," Dani akamwambia mjukuu. "Pita, mtoto wangu. Kuna mwenyewe."

Msichana akapita. Akanawa, akaonyesha alama ya chanjo, akanyoosha vidole. Mwalimu alivikagua kimoja kimoja bila haraka, huku barabara nzima ikimngoja. Kisha wakaingia wote kwa pamoja, Wajaluo na Wakuria, kwa kelele na vumbi, hadi mawe meupe yakawa mekundu, na Mwalimu akakimbia, naapa alikimbia na lile koti, akaenda kupiga kengele. Safari hii aliposema "Keti," kulikuwa na wa kuketi.

Bwana Supavaiza alihesabu, akatia sahihi, akaomba ufunguo wa choo chake. Ufunguo haukuonekana. Ulikuwa umezama kwenye chaki.

Yule msichana alifanya mtihani wake akapita. Leo ni mwalimu mkuu wa shule moja ya wasichana Homa Bay, yenye lango la chuma, na walimu wake wananiambia anakagua kucha. Mzee wa Rongo aliacha kuuliza habari za mvua.

Mwalimu naye hakubadilika. Wiki iliyofuata alisimama mbele ya watoto akasema desturi ni koti la marehemu, na alisema akiwa amelivaa. Aliendelea hivyo mpaka akastaafu, akairudishia serikali nyumba yake, na sisi tukapotewa na habari zake.

Miaka mingi ilipita. Baba yangu alikuwa amefariki, mimi nilikuwa na watoto sita na kipara. Siku moja niliitwa Homa Bay kwa ujumbe wa mdomo: Mwalimu anakutaka. Nilimkuta amepanga chumba kimoja nyuma ya duka la Mwislamu mmoja mwuza vitambaa. Hukuhitaji kuuliza ni chumba kipi. Mlangoni kulikuwa na mawe matano yaliyopakwa chokaa. Mwenye duka aliniambia kwa huzuni kwamba hapo awali yeye hakujua kama kucha zake ni ndefu.

Mwalimu alikuwa amekonda. Koti lilikuwa limemzidi zaidi, mikono imekunjwa mara mbili. Mama Mwalimu alinipa chai, akaketi kando, na karibu na miguu yake kulikuwa na jiko dogo, makaa yamefunikwa majivu vizuri ili yasizimike. Niliona pia jogoo, amefungwa kwenye mguu wa kitanda.

"Simenti imeshuka?" nikamuuliza, kwa kumtania.

"Haijashuka," akasema. "Lakini mimi nimeshuka." Akakohoa kidogo. "Sitaki kufia nyumba ya kupanga na Uriri ipo. Na huyu mama, nikitangulia, akae wapi?"

Mama Mwalimu akasema, "Moto mimi ninao. Mambo mengine ni yenu."

Nilimwona Mwalimu anatafuta msemo, na misemo yote ilikuwa imemwisha. Niliona haya kumtazama, nikatazama chai.

"Baba yako aliniazima wewe," alisema mwishowe. "Nilimsikia vizuri. Aliniazima, hakunipa. Lakini amekufa bila kuniambia nikurudishe lini."

"Hakusema, Mwalimu."

"Hakusema?"

"Hakusema kabisa."

Akapumua. Akainama chini ya kitanda akavuta shoka jipya, bado lina karatasi ya duka. Nikanyoosha mikono kulipokea. Hakunipa. Aliliweka magotini, akanishika vidole, akavikagua kimoja kimoja kwa macho yake mabovu, mkono wa kulia kisha wa kushoto, na aliporidhika akanikabidhi.